Saikolojia ya michezo ni nini, na kwa nini kocha asiseme "usipaishe"

Jioni moja nilisimama kando ya kiwanja cha vumbi, vijana wa chini ya miaka 15 wakipiga matuta baada ya mazoezi. Kulikuwa na mmoja mwembamba, mguu wa kushoto, ambaye alikuwa hajakosa hata mkwaju mmoja. Zamu yake ilipofika tena akaweka mpira, akarudi nyuma hatua nne. Kabla hajaanza kukimbia, kocha akapaza sauti kutoka pembeni: "Usipaishe!"

Akapaisha. Mpira ukavuka mtambaa panya, ukavuka na uzio wa michongoma, ukaenda kutua karibu na karai la mama anayekaanga mihogo. Kocha akashika kichwa. "Si nimekuambia usipaishe?"

Alimwambia, kweli, na ndipo tatizo lilipoanzia.

Saikolojia ya michezo ni taaluma inayochunguza kilichotokea kati ya kauli ile na mpira ule. Ni tawi la saikolojia linaloangalia jinsi fikra, hisia na umakini wa mwanamichezo vinavyogusa uchezaji wake. Na upande wa pili, jinsi michezo yenyewe inavyomjenga au kumbomoa mtu. Mtaani tuna msamiati wetu wa mambo haya: huyu ana moyo, yule amepaniki, timu imepoteana, fulani si wa mechi kubwa. Tunayasema kana kwamba moyo ni kama urefu, ama umezaliwa nao ama hukuzaliwa nao. Wataalamu wa fani hii wanaamini kichwa kinafundishika kama miguu inavyofundishika, na mwalimu wake wa kwanza, apende asipende, ni kocha.

Fani yenyewe si ya jana. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett aliona kwamba waendesha baiskeli wanaokimbia na wenzao huenda kasi kuliko wanaokimbizana na saa peke yao, akaenda kulipima jambo hilo kwa watoto waliozungusha gurudumu la mshipi wa kuvulia samaki. Mwaka 1925 Coleman Griffith akafungua maabara ya utafiti wa wanamichezo katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1938 mmiliki wa timu ya besiboli ya Chicago Cubs akamwajiri, na hapo mzee wa watu akakutana na ukuta: meneja wa timu, Charlie Grimm, hakutaka kumsikia kabisa. Kwangu hilo ndilo somo kubwa la sura ile ya historia. Unaweza kumleta mtaalamu mwenye shahada tatu, lakini benchi la ufundi likimpuuza, wachezaji nao watampuuza.

Sasa turudi kwenye "usipaishe". Mwanasaikolojia Daniel Wegner alitumia miaka mingi kuchunguza kinachotokea mtu anapojizuia asiwaze kitu. Ili usikifanye, akili lazima iweke mlinzi wa kukitazama kitu hicho kama kinakuja. Ukiwa umetulia, mlinzi hana madhara. Ukiwa umechoka, una presha au una mambo mengi kichwani, nguvu za kujizuia zinapungua lakini mlinzi anabaki kazini, na picha aliyoishika ndiyo inayoushinda mwili. Mwaka 1998 yeye na wenzake waliwapa watu kazi ya kusukuma mpira wa gofu taratibu hadi kwenye alama, wakiwaambia wasiupitilize. Waliobebeshwa na kazi nyingine ya kukumbuka tarakimu wakati huohuo ndio walioupitiliza zaidi. Kijana wetu alipewa picha ya mpira ukienda juu sekunde mbili kabla ya kupiga, kocha wake na wenzake wote wakimtazama. Mwili ukatii picha.

Penalti ni mahali pazuri pa kuiona saikolojia ikiwa uchi, kwa sababu vingine vyote havibadiliki. Mita 11, lango la upana wa mita 7.32, kipa mmoja, mpira haukimbii. Mchezaji wa kulipwa anapiga mkwaju huo mazoezini huku akitafuna jojo. Lakini Mnorwe Geir Jordet, aliyechambua mikwaju ya mashindano makubwa, aligundua kwamba mpigaji ambaye bao lake litaipa timu ushindi papo hapo hufunga zaidi ya mara 90 katika 100, na yule ambaye akikosa timu inatolewa hapo hapo hufunga karibu mara 60 tu. Miguu ni ileile na umbali ni uleule. Kilichogeuka ni swali lililomo kichwani: mmoja anakwenda kuchukua kitu, mwingine anakwenda kuzuia msiba. Tena wa pili mara nyingi ana haraka. Kipenga kikilia tu amekwisha kukimbia, kama mtu anayetaka jambo liishe akalale.

Mashabiki wa Tanzania hatuhitaji kuelezwa sana. Aprili 2023 Simba walitolewa na Wydad kule Casablanca kwa matuta 4-3, na Aprili 2024 Yanga wakatolewa Pretoria na Mamelodi Sundowns kwa matuta 3-2 baada ya suluhu mbili. Mara zote mbili nilisikia maneno yaleyale vibarazani: penalti ni bahati nasibu. Sikubaliani nayo. Bahati ipo, lakini anayesema yote ni bahati amejipa ruhusa ya kutoifanyia mazoezi.

Na tusikimbilie kusema aliyekosa ni mwoga. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Luis Suárez wa Uruguay alizuia mpira kwa mikono mstarini, dakika za nyongeza zikiwa zinakatika. Asamoah Gyan wa Ghana akapewa mkwaju ambao ungeipeleka timu ya Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Akagonga mtambaa panya. Dakika chache baadaye matuta yakaanza, na mtu aliyejitokeza kuipigia Ghana mkwaju wa kwanza alikuwa Gyan huyohuyo. Akafunga. Ghana walitolewa 4-2, lakini aliyetembea kurudi kwenye nukta ile baada ya kilichompata, usimwambie mtu hana moyo.

Presha yenyewe si adui wa kila mtu. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapiga shoti za umeme. Kazi ikiwa rahisi, shoti kali ilisaidia. Kazi ikiwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa na kali ikaharibu. Tangu hapo wataalamu wa michezo wamelipanua wazo hilo kwa binadamu: mnyanyua vyuma anaweza kuhitaji kupandishwa mori, mlenga shabaha anahitaji kushushwa mapigo ya moyo. Hapa ndipo makocha wengi wetu wanapokosea. Hotuba ni moja kwa wachezaji wote 11, inayotolewa kwa kelele, na mara nyingi ina maneno "leo kufa au kupona". Beki mzito wa kuamka inamfaa. Kipa ambaye tangu usiku hajalala, umemmaliza kabla hajavaa glavu.

Mfano wa kazi hii ikifanywa vizuri uko jirani, Kaptagat, Kenya. Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992, amemlea Eliud Kipchoge tangu akiwa kijana aliyekuwa akimfuata kuomba programu ya mazoezi. Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London 2012, akahamia marathoni, akatwaa dhahabu Rio na Tokyo, na Oktoba 12, 2019 akakimbia kilomita 42.195 kule Vienna kwa saa 1:59:40. Miaka yote hiyo mazoezi yake ameyaandika daftarini, na kambini hupokea zamu ya usafi, choo kikiwemo, kama wenzake. Watu huyasimulia hayo kama hadithi za unyenyekevu. Mimi nayaona kama ufundi: mtu anazoezwa kuweka akili kwenye kilicho mikononi mwake leo, na umaarufu hauachiwi nafasi ya kumpandisha kichwa.

Matunda yake yalionekana Berlin 2015. Soli za ndani za viatu vyake zilichomoka, zikawa zinapepea nje ya visigino mbio nzima, na mguu ukachubuka. Viatu hangeweza kuvirekebisha bila kusimama. Kasi na pumzi vilikuwa bado vyake. Akashinda kwa saa 2:04:00. Hata lile tabasamu lake la kilomita za mwisho si mapambo: utafiti uliochapishwa 2018 uliona wakimbiaji walipotabasamu walitumia oksijeni kidogo kuliko walipokunja uso. Lakini kichwa hakigeuzi mwili kuwa chuma. Paris 2024, maumivu yakamzidi, Kipchoge aliiacha marathoni njiani.

Wapo watakaosema sisi tuna wanasaikolojia wetu, ile "kamati ya ufundi" ya mambo ya uganga inayofanya timu ikwepe mlango rasmi na kuingilia uwanjani kwa kwingine. Tunacheka, ila tukiangalia vizuri, mchezaji anayeamini amekingwa huingia ametulia, na utulivu unacheza mpira. Tatizo linakuja dawa inaposahauliwa nyumbani. Utaratibu wako mwenyewe, pumzi moja ndefu, hatua nne, jicho kwenye kona uliyoichagua tangu asubuhi, hausahauliki nyumbani.

Kuna upande mwingine ambao makocha huusikia kwa shida. Julai 27, 2021, Tokyo, Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, aliruka akikusudia mizunguko miwili na nusu, akapata mmoja na nusu, kwa kuwa akili ilipoteza mahali mwili ulipo hewani. Akajiondoa fainali ya timu. Wengi walimwita mdhaifu. Katika mchezo ambao kutua vibaya kunaweza kuvunja shingo, ule ulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake. Paris 2024 alirudi akachukua dhahabu tatu na fedha moja. Kazi ya saikolojia ya michezo ni pamoja na kujua siku ya kutocheza.

Yule kocha wa kiwanja cha vumbi nilimweleza habari ya mlinzi na picha. Akanisikiliza kwa heshima, akauliza: "Sasa nimwambie nini, bwana?" Nikamjibu, mwambie unachotaka akifanye, siyo unachokiogopa. Wiki iliyofuata nikapita tena. Kijana akaweka mpira, akarudi hatua nne, na kocha, akinikonyeza, akapaza sauti: "Chini, kulia!"

Kipa naye alisikia. Akaruka upande huohuo, akaudaka. Ikabidi nirudi tena kumweleza kocha kwamba maneno hayo husemwa Jumanne mazoezini, kwa sauti ya chini.