Mstari wa kompyuta kwenye uvimbe wa ubongo: wapi uukubali, wapi uufute

Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, dozi ya kawaida ya mionzi ni grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa vikao 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6, pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani, kila siku. Mzee aliyedhoofika mara nyingi hupewa grei 40 kwa vikao 15. Mgonjwa wa Kisauni na wa Lamu hawatofautiani sana kwa dozi. Wanatofautiana kwa umbo la eneo linalopigwa mionzi, na hapo ndipo akili unde ina kazi: programu yake huchora kwenye picha mstari wa kuzunguka eneo hilo.

Mgonjwa huja na bahasha ya kaki yenye CD ya MRI. Kabla ya kufungua programu, tazama unene wa vipande vya picha. Vikiwa vya milimita 5, mstari utatoka kama ngazi. Omba picha mpya ya milimita 1. Iliyopita wiki mbili nayo usiitumie, uvimbe huu haungoji mtu.

Shina la ubongo na neva za macho programu mara nyingi huzichora vizuri, kwa dakika chache. Baada ya upasuaji ndipo huvurugika. Iliyofundishwa kwa picha za kabla ya upasuaji hufuata pete inayong'aa ya ukingo wa uvimbe na kuliacha nje shimo ulipotolewa uvimbe, ilhali shimo ni sehemu ya shabaha. Damu nayo hung'aa kwenye T1, aina mojawapo ya picha ya MRI, hata bila gadoliniamu, dawa ya kung'arisha uvimbe, ikahesabiwa uvimbe. Weka picha ya kabla ya dawa na ya baada bega kwa bega: kinachong'aa kwenye zote mbili, kishuku kuwa damu.

Kosa hilo hukua, maana juu ya mstari huongezwa sentimita 1.5 kwa seli zisizoonekana. Ukingo huo ukisogelea makutano ya neva za macho, ambayo hatutaki yapite grei 54, macho ya mtu yako hatarini. Upunguze kwa mkono penye mfupa na penye utando unaogawa ubongo. Seli hazivuki hapo kirahisi. Zipo programu zinazokisia seli zimeenda upande gani. Mimi bado siziachii zipunguze ukingo peke yake.

Halafu kuna deksamethasoni, dawa ya kupunguza maji yanayovimbisha ubongo. Uso huvimba, na kufikia wiki ya tatu barakoa inayoshikilia kichwa wakati wa mionzi inabana hadi inaacha alama za matundu shavuni. Kompyuta bado inao uso wa siku ya kwanza. Ukiona alama hizo, linganisha picha ya mashine ya asubuhi hiyo na mpango. Kichwa kikiwa kimesogea zaidi ya milimita 3, tengeneza barakoa nyingine na upige sitiskani upya.