Pua ya ndege: kazi ya Mary Jackson na Christine Darden

Ninapomtaja Mary Jackson darasani, wanafunzi wengi wanakumbuka kwamba alilazimika kuomba ruhusa ya mji wa Hampton, Virginia, ili asome masomo ya jioni katika shule ya wazungu. Ni kweli, na ni jambo zito. Lakini nikiwauliza alifanya kazi gani alipokwisha kuwa mhandisi, darasa linanyamaza. Mimi nafundisha aerodinamiki, yaani elimu ya jinsi hewa inavyopita kwenye vitu kama ndege, na ukimya huo unaniuma.

Alianza kazi Langley, kituo cha utafiti wa ndege kilichokuja kuwa cha NASA, mwaka 1951, katika kikosi cha wanawake weusi waliokuwa wakiwapigia wahandisi hesabu. Miaka miwili baadaye akaenda kufanya kazi na mhandisi Kazimierz Czarnecki kwenye handaki la upepo, mahali pa kupulizia hewa kwenye mifano ya ndege ili kuijaribu, lenye mitambo ya nguvu farasi 60,000, ambamo upepo ulikaribia mara mbili ya kasi ya sauti. Mwaka 1958 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhandisi NASA, na mwaka huohuo yeye na Czarnecki wakatoa ripoti kuhusu koni zenye ncha za pembe mbalimbali, umbo kama la pua ya ndege. Hewa ikigusa ncha huteleza kwa utulivu, halafu mahali fulani inavurugika. Kuanzia hapo msuguano na joto hupanda, kwa hiyo mbunifu wa ndege lazima apajue mahali hapo.

Christine Darden aliingia Langley mwaka 1967 na shahada ya uzamili ya hisabati, akawekwa kwenye kupiga hesabu huku wanaume wenye elimu kama yake wakipewa uhandisi. Akamwendea mkubwa wa kazi, akamuuliza kwa nini. Akahamishiwa uhandisi, akakabidhiwa tatizo la mshindo wa ndege ziendazo kasi kuliko sauti.

Ndege ikiipita kasi ya sauti, mawimbi ya mgandamizo hayawezi kuitangulia. Yanarundikana, na yakishuka yanafukuzana na kuungana mpaka yanabaki mawili makubwa, la mbele na la nyuma. Ndiyo maana walio chini husikia "bu-bum" na vioo vya madirisha kutetemeka. Kwa sababu hiyo, mwaka 1973 Marekani ilipiga marufuku ndege za kiraia kuruka kwa kasi hiyo juu ya nchi kavu.

Dawa yake inashangaza: pua butu. Inatoa wimbi kali mbele kabisa, na mawimbi yanayofuata hayajirundiki juu yake. Ila pua butu huzidisha ukinzani wa hewa, na mafuta yanakwenda. Programu ya kompyuta aliyoiandika Darden ilimwezesha mbunifu kupunguza ubutu kidogokidogo, akiona kila hatua inaongeza mshindo kiasi gani. Kwangu huo ndio uhandisi wenyewe.

Mwaka 2003 ndege ya kivita ya F-5 iliyobadilishwa pua ilithibitisha kwamba umbo la ndege linaweza kuulainisha mshindo hadi ardhini. Oktoba 2025, X-59, ndege ya majaribio ya NASA ambayo pua yake peke yake ni kama theluthi ya urefu wa ndege, iliruka kwa mara ya kwanza.

Nadharia ya kupunguza mshindo kwa umbo la ndege huitwa ya Seebass na George, watafiti walioiasisi. Mimi ubaoni naandika Seebass, George na Darden.