Nyumba zilifuata nini juu ya London Bridge?

Kila tukionyesha mchoro wa zamani wa London Bridge kwenye vipindi vyetu vya elimu, swali ni lilelile: hivi hizi nyumba zilifuata nini juu ya daraja? Jibu ni kodi ya pango.

Daraja la mawe lilianza kujengwa 1176, msimamizi padri mmoja, Peter of Colechurch, likaisha 1209, na padri mwenyewe hakuliona likiisha, alifariki 1205 akazikwa humohumo darajani kwenye kikanisa cha Mtakatifu Thomas Becket. Sasa daraja kama hilo linakula hela kila mwaka, maana mto Thames hapo unajaa na kupwa na maji yanachimba nguzo usiku na mchana, ndo mfalme John akaelekeza hata kabla halijaisha kwamba kodi za nyumba za juu yake zilitunze. Kufikia 1358 kulikuwa na fremu 138.

Hebu pata picha. Chini duka, juu ghorofa za kuishi, nyuma nyumba imetokeza juu ya mto imeshikiliwa na miti, choo kinaangukia majini moja kwa moja, na nyingine zimeunganishwa na za upande wa pili juu kwa juu, kwahiyo ukipita chini yake mchana unakuwa gizani. Njia ilibaki kama mita 4 tu, humo mikokoteni, ng'ombe wa sokoni na watu wote, mpaka 1722 ikatoka amri kila mtu ashike kushoto.

Nguzo nazo zilikuwa 19, kila moja imezungushiwa magogo na kifusi ili maji yasiile, na kila wakikarabati wanaongeza, mto ukabaki mianya tu. Maji yakipwa tofauti ya upande huu na huu ilifika karibu mita 2, maporomoko kabisa, abiria wengi walikuwa wanashuka wanatembea halafu wanapanda mtumbwi ng'ambo ya pili.

Moto ndo uliwaumiza zaidi. 1212 uliwaka ncha zote mbili, watu wakanaswa katikati, inasikitisha sana. 1633 ziliungua nyumba za kaskazini, na lile pengo ndo likazuia moto mkubwa wa 1666 usivuke.

Foleni ikashinda kodi, kufikia 1762 nyumba zote zilishabomolewa, na daraja lenyewe likang'olewa baada ya jipya kufunguliwa 1831. (Lililouzwa Marekani 1968 likapelekwa Arizona sio hili jamani, ni hilo la 1831.)

Ila hela za pango hazikupotea. Ule mfuko wa daraja upo mpaka leo na unatunza madaraja matano ya London, ukivuka Tower Bridge leo ujue matengenezo yake yanalipwa na mfuko ulioanza kwa kodi za wale wenye fremu.