Kujiamini bila kuigiza: maswali na majibu

Shikamoo dokta. Mdogo wangu ni mchangamfu, mimi nanyamaza hata jibu nikilijua. Kujiamini mtu huzaliwa nako?

Marahaba. Upole unaweza kuwa wa kuzaliwa, ila upole si kutojiamini. Wapo mafundi cherehani wasioongea kabisa, lakini mpe kitambaa uone. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya "hili naliweza" hutokana zaidi na kulifanya jambo lenyewe ukafanikiwa. Kisha kuna kumwona mtu wa hali yako akiliweza, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na namna unavyouelewa mwili wako unapoingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo anzia padogo. Kwenye daladala, "Konda, chenji yangu bado" isikike hadi mlangoni. Kesho ongeza kidogo.

Kila asubuhi najiambia kwenye kioo "mimi ni bora", halafu najisikia vibaya zaidi. Kwa nini?

Wahamasishaji wa mtandaoni hawatapenda jibu hili. Mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliona kwamba watu wanaojidharau wakikariri maneno ya kujisifu hujisikia vibaya kuliko wasiokariri. Inaelekea ukijiambia usichokiamini, akili hukukumbusha yote yanayokipinga. Sema lenye ushahidi: "Jana mteja alinifokea, na bado nilimhudumia vizuri."

Nauza nguo Kariakoo. Wenzangu dukani wanajichubua, mimi wananiita "mkaa" na kunishawishi nipake mkorogo. Nifanyeje?

Kwanza ujue unachoshawishiwa kupaka. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo, na kwa mjamzito inaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Nyingine zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe: ngozi inakonda, inatoka michirizi na chunusi, na kidonda kinachelewa kupona. Hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi usoni, yaani kinyume kabisa na ulichokinunua. Zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini mkorogo wa kuchanganywa kienyeji hauna hata lebo ya kusoma. Aliyekwisha kuutumia kwa muda mrefu amwone daktari wa ngozi, maana steroidi zikikatwa ghafla ngozi inaweza kuwaka na kuvimba.

Sasa hao wenzako. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Kikundi kilichopangwa kilitaja jibu la uongo kwa sauti, na takriban theluthi moja ya majibu ya wasiojua mpango huo yaliufuata uongo, ingawa ukweli ulikuwa mbele ya macho yao. Ila alipokuwepo mtu mmoja tu aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Huhitaji kulibadilisha duka zima, dada yangu. Tafuta huyo mmoja, hata kama yuko duka la jirani. Hao wengine uwajibu kwa kifupi: "Rangi yangu naipenda, tuongee biashara." Ukianza kujitetea kwa maelezo marefu, umewafungulia mjadala.

Nikisimama kuongea moyo unaenda mbio. Ni dalili kwamba sijiamini?

Ni adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na wasiwasi; hata wazoefu inawapata. Vuta pumzi taratibu, toa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, rudia mara kadhaa. Kisha ongea hivyo hivyo, usisubiri moyo utulie kabisa.

Nitajuaje kama huu ni ugonjwa?

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki 2 au zaidi, usingizi kuvurugika, kushindwa kula au kazi, kujiona hufai karibu kila siku: nenda hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na unaweza pia kuanzia kituo cha afya cha karibu. Usikubali kuambiwa umerogwa au umedeka. Yakija mawazo ya kujiua, usikae peke yako. Mwite ndugu akupeleke kitengo cha dharura siku hiyo hiyo, na maneno yakikukwama pale mapokezi, mwambie muuguzi hivi tu: "Nina mawazo ya kujidhuru, naomba msaada sasa."