Kufuatilia usugu wa dawa hospitalini: maana yake ni nini?

Wengi wakisikia "usugu wa dawa" hudhani ni mwili wa mgonjwa uliozoea dawa. La, aliyezoea ni bakteria. Hata mtu ambaye hajawahi kumeza antibayotiki maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria ambaye tayari ni sugu, na mahali rahisi pa kumpata ni wodini.

Kufuatilia usugu, basi, ni kujua ni bakteria gani wamo hospitalini, ni dawa zipi zimeshindwa kuwaua, na wanahamaje kutoka kitanda hadi kitanda.

Tuseme mama amejifungua kwa upasuaji katika hospitali moja huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Siku ya nne kidonda kinatoa usaha. Muuguzi anachukua usaha kwa kijiti chenye pamba, na maabara wanauotesha usiku kucha. Bakteria wakiota, wanapandwa kwenye sahani nyingine na juu yake vinapangwa vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kina dawa yake. Kesho yake dawa inayofanya kazi itakuwa imezungukwa na duara tupu, nalo hupimwa kwa milimita. Iliyoshindwa, bakteria wameifuata mpaka ukingoni. Hesabu mwenyewe: siku mbili tatu zimekwisha, na muda wote huo daktari anatibu kwa kukisia, mara nyingi kwa sindano za antibayotiki iitwayo seftriaksoni.

Jibu hilo ni matibabu ya mama mmoja. Ufuatiliaji unaanza pale linapoandikwa pamoja na wodi, tarehe na siku aliyolazwa, kisha likawekwa kando ya majibu ya wengine. Maambukizi yaliyojitokeza baada ya saa 48 tangu kulazwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Klebsiella, aina mojawapo ya bakteria, akionekana kwa wagonjwa watatu wa wodi moja ndani ya wiki moja, akishindwa na dawa zilezile na kuzikataa zilezile, huyo huenda ni mmoja anayetembea. Hapo ndipo watu wa kuzuia maambukizi wanapoanza kuuliza habari za mikono, sinki na mipira ya mkojo. Kwa uhakika zaidi husomwa vinasaba vyake, lakini hiyo ni kazi ya maabara chache.

Ugumu wenyewe uko kwenye asilimia. Ukiambiwa "bakteria 7 kati ya 10 ni sugu", uliza kwanza hao 10 walitoka wapi. Penye uhaba wa vifaa, sampuli huchukuliwa kwa yule ambaye dawa zimemshinda. Waliopona kwa dozi ya kwanza hawamo kwenye daftari, kwa hiyo usugu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Mgonjwa mmoja akipimwa mara tatu, naye asihesabiwe watatu. Huchukuliwa jibu lake la kwanza tu. Na wataalamu hushauri usitoe asilimia ya bakteria wa aina moja kabla ya kupata angalau 30. Mimi takwimu ya wodi iliyojengwa juu ya sampuli 10 naiona kama uvumi wenye nambari.

Majibu ya hospitali mbalimbali hukusanywa kitaifa. Uganda ilikuwa na mpango wake wa kitaifa wa 2018 hadi 2023 kuhusu jambo hili, na Shirika la Afya Duniani lilianzisha mfumo wa kupokea takwimu za nchi, GLASS, mwaka 2015. Maabara nyingi hutumia programu ya bure, WHONET, ili mtu wa Arua na wa Kampala waandike kwa namna moja.

Kuna upande wa pili wa kosa la hesabu. Mgonjwa aliyepitia duka la dawa na kumeza antibayotiki kabla ya kuja hospitali, damu yake ikioteshwa huenda isioteshe kitu, ingawa bakteria bado wamo mwilini. Ndiyo maana maabara hung'ang'ania damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza, hata usiku wa manane, hata ndugu wa mgonjwa wakilalamika kwamba mtu wao anacheleweshwa.