Mtoto mwenye utapiamlo mkali hashibishwi siku moja

Kati ya Januari na Machi hapa Dodoma, akiba ya nafaka imeisha kwenye nyumba nyingi na mtama wa shambani haujakomaa. Ndiyo miezi ambayo namwambia bibi mmoja baada ya mwingine, aliyekuja wodini na bakuli la ugali: bado, bibi, mjukuu wako bado.

Nawaelewa. Mtoto amekonda, apewe ale. Lakini mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu umejipunguzia kazi. Ini, figo na moyo vimelegea, potasiamu imepungua ndani ya seli na chumvi imejaa humo. Ukimjaza chakula kizito ghafla, madini machache yaliyobaki kwenye damu hukimbilia ndani ya seli, chumvi hurudi kwenye damu, moyo unazidiwa. Mtoto anaweza kufariki siku ya pili akiwa ameshiba.

Kwa hiyo tunaanza na maziwa ya tiba, F-75: kalori 75 katika mililita 100, protini kidogo, chumvi kidogo. Anapewa kiasi kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Zamu ya usiku naisimamia kwa ukali, kwa sababu alfajiri, mama akipitiwa na usingizi, sukari ya mtoto hushuka na mwili hupoa. Antibayotiki anapewa hata bila homa. Mwili dhaifu unaweza kushindwa kupandisha joto ingawa una maambukizi. Dawa za kuongeza damu husubiri. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo tunahamia polepole kwenye chakula dawa, ile paketi ya karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta yenye kalori 500.

Wengi hawahitaji hata kulazwa. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 11.5, ila anakula vizuri na hana dalili nyingine ya hatari, hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa na kurudi kliniki kupimwa. Paketi hizo ni dozi yake. Kaka na dada zake wasigawiwe.

Kinachowapoteza wazazi ni uvimbe. Mashavu yamejaa, miguu minene, majirani wanasifu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, kati ya vidole na kifundo, kwa sekunde tatu, kisha achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama utepe unaonyesha kijani, yaani rangi ya usalama.

Tunazungumza sana kuhusu udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, na ni haki: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Waliokonda walikuwa kama asilimia 3 tu, lakini hao ndio walio karibu zaidi na kifo. Duniani, mwaka huohuo, watoto waliokonda walikadiriwa kuwa milioni 45.

Akishapona, sasa mzidishie. Uji mwingi ninaouona ni maji yenye rangi ya unga. Tumbo dogo linajaa kabla mwili haujapata kitu. Uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Watu huchanganya nafaka saba kwenye unga wa lishe wakidhani wingi ndio ubora, wakati uwele au mtama peke yake unatosha ukiongezewa karanga zilizosagwa, kijiko cha mafuta, unga wa ubuyu. Kwenye ugali laini, mlenda uliopikwa na karanga. Karanga usizisage pamoja na nafaka ukahifadhi kwa miezi. Weka wakati wa kupika, na chambua kwanza. Zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, kuku pia wasipewe, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu hapa Dodoma na Manyara.