Kimbunga kinapoelekea pwani yetu: namna ya kukifuatilia, na vile vilivyokwisha kupita

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Vyombo vilivyotia nanga mbele ya mji vilizama au kutupwa ufukweni, zikiwemo meli za Sultani Barghash. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo ndiyo imekuwa mbele kwa zao la karafuu. Ninapomsikia mtu akisema vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji, huwa namtajia mwaka huo. Kisha namtajia Aprili 1952, kimbunga kilipoingia Lindi na kuua watu zaidi ya 30.

Ni kweli kwamba vimbunga ni nadra kwetu. Karibu na ikweta, nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ile inayoupinda upepo, ni dhaifu mno kuweza kukizungusha kimbunga. Tena Madagaska imelala baharini kama boma, na vimbunga vingi vinavyotoka mashariki huishia huko. Lakini Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, Mafia karibu 8, Lindi na Mtwara 10. Tuko ukingoni tu mwa eneo la usalama, na mara mojamoja ukingo huo huvukwa.

Sisi watabiri huanza kukifuatilia kimbunga kabla hakijapewa jina. Tunaangalia kwanza joto la bahari: maji yakifika nyuzi joto 26.5 au zaidi, na joto hilo likishuka makumi ya mita chini, chakula cha kimbunga kipo. Kisha tunatazama picha za setilaiti, zinazoingia kila baada ya dakika 15, kuona kama mawingu ya radi yanaanza kujikusanya na kuzunguka sehemu moja. Kituo cha kanda cha kufuatilia vimbunga, kilichoko kisiwa cha Réunion, ndicho kinachosimamia bahari yetu, na upepo wa mfululizo ukifikia kilomita 63 kwa saa mfumo huo hupewa jina. Hapo ndipo watu wengi husikia habari zake kwa mara ya kwanza.

Ramani inayosambazwa kwenye simu huwa na mstari katikati, na wengi huangalia kama umegusa mji wao. Naomba tuisome vizuri zaidi. Mstari ni njia ya kitovu tu, na kadiri siku zinavyokwenda mbele ndivyo makosa ya utabiri yanavyoongezeka. Ndiyo maana umezungukwa na eneo linalopanuka. Ukiwa popote ndani ya eneo hilo, jiandae. Na hata nje yake, upande uliopo una maana kubwa. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea bara, walio kusini mwa kitovu hupigwa na upepo unaotoka baharini, unaosukuma maji kuja nchi kavu. Walio kaskazini mwake hupata upepo unaotoka bara. Kimbunga kikilenga Mafia, basi, Kilwa na Lindi wasijione wamepona.

Maji hayo huinuliwa pia na kushuka kwa mgandamizo wa hewa: kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo huo) inayopungua huinua bahari takriban sentimita moja. Hiyo ikikutana na bamvua, siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, wakati maji yamejaa, nyumba ambayo bahari haijawahi kuifikia inaweza kufikiwa. Wavuvi wanajua hesabu ya bamvua kuliko mtu yeyote, na nawasihi waiweke pamoja na taarifa ya kimbunga.

Mwaka 2019, wiki sita hivi baada ya kimbunga Idai kuivuruga Beira ya Msumbiji, kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija, kisiwa cha Komoro, kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili, kusini ya mpaka wetu. Miaka miwili baadaye Jobo kilielekea Dar es Salaam, lakini kilifika kikiwa kimeishiwa nguvu. Wapo waliosema tahadhari ilikuwa bure. Sikubaliani nao hata kidogo: mashua iliyovutwa juu ufukweni haipotezi kitu kimbunga kisipofika, na Jobo hakikumwahidi yeyote kwamba kinachofuata kitafifia.

Kilichofuata kilikuwa Hidaya, Mei 2024, msimu ukiwa tayari unahesabiwa umekwisha. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei, kikapungua nguvu. Upepo ukatulia, mvua haikutulia. Mafuriko yakaikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, tuta na makalavati yakasombwa, abiria na malori ya mizigo yakakwama pande zote mbili.

Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la rangi ya njano, kagua misumari ya mabati, pandisha chombo juu, weka maji ya kunywa. Ikipanda kuwa tahadhari ya rangi ya machungwa au tahadhari kubwa nyekundu, usiende baharini, na wa mabondeni wahame mapema, kukiwa bado mchana. Upepo ukikatika ghafla, kaa ndani: huenda ni jicho, yaani kitovu kitulivu cha kimbunga, linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Mwenye safari ya kusini aulize hali ya madaraja kabla ya kukata tiketi, hata kama jua limekwisha kutoka.